Uzoefu wangu: vifuniko vitatu vya pikapu, kambi nyingi, na godoro moja lililolowa

Nianze na aibu yangu. Kifuniko cha kwanza cha pikapu nilikinunua kwa sababu ya sura. Niliona picha ya gari jeusi lenye turubai jeusi lililokazwa kama ngozi ya ngoma, nikasema hicho hicho. Sikupima kitu, sikuuliza mtu. Miaka minne baadaye niko kwenye kifuniko cha tatu, na ningekuwa nimeokoa pesa za viwili vya mwanzo kama mtu angenikalisha chini akaniuliza: wewe ukifika kambini unalala wapi?

Maana kila kitu kinaanzia hapo. Anayelala ndani ya bodi, yaani sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo, anatafuta nyumba. Anayelala kwenye hema, liwe la chini au la juu ya gari, anatafuta stoo. Mimi nilikuwa natafuta stoo ila sijui.

Yangu ni dabo kebini, yenye viti vya mbele na vya nyuma. Ukifunga mlango wa nyuma, bodi ina urefu wa kama mita 1.5, kina chake hakifiki nusu mita, na kati ya yale matuta mawili ya magurudumu upana unabaki mita 1 na kidogo. Nilipoanza kutamani kanopi, kile kifuniko kirefu kama kibanda, cha faibaglasi chenye madirisha, nikaamua safari hii nipime kabla ya kununua. Nikachora bodi yangu sebuleni kwa selotepu, nikaweka mito miwili mahali pa matuta, nikalala. Kichwa kiligusa mstari wa kebini, miguu ikatoka nje kuanzia kwenye magoti kushuka chini kidogo. Nikajaribu mshazari, nikaenea kwa kujikunja. Mke wangu akapita, akasimama, akanitazama kimya.

"Baba watoto," akasema, "na mimi nitalala wapi?"

Habari ya kanopi iliishia pale sakafuni. Kuna watakaosema unashusha mlango wa nyuma unapata karibu mita 2. Ni kweli, unapata, lakini sasa nyumba yako haina ukuta mmoja, na upande huo ndio mbu na mvua watakaoutumia. Utahitaji kitambaa cha kuziba, na kitambaa hicho kitakuwa kazi nyingine. Kama una singo kebini yenye bodi ya mita 2 na ushee, mimi na wewe tuachane hapa, nenda kanunue kanopi na ulale salama. Kwa dabo kebini ya watu wawili na mtoto, hapana. Halafu kanopi ya faibaglasi inaweza kufika kilo 60, 80, hata zaidi, na kilo hizo zinatoka kwenye mzigo ulioruhusiwa kubeba. Siku ukitaka kusafirisha kabati itabidi uite watu wa kuinyanyua, na utafute pa kuiweka.

Turudi kwenye turubai langu la kwanza sasa. Ni lile la plastiki laini linalokunjwa kama mkeka kuelekea kebini, pembeni linashikwa na zile tepu za kunatana. Sifa zake nazitoa bila choyo: jepesi, bei yake ndogo kuliko vifuniko vingine vyote, na kwa dakika moja bodi yote iko wazi. Kwa mtu anayebeba mifuko ya sokoni na kambi mara moja kwa mwaka, linatosha kabisa. Kisu kinalipasua, hilo unalijua siku unayolinunua. Asubuhi za baridi linasinyaa, unalivuta kwa meno halifiki kwenye kona. Jua likiwaka linalegea, na mvua ikinyesha usiku unakuta bwawa katikati.

Lililonishinda ni vumbi. Safari yetu ya kwanza ndefu kwenye barabara ya udongo, tulifika, nikafungua, vitu vyote vilikuwa na rangi moja. Mashuka, sufuria, viatu, begi la mtoto, vyote kama vimetiwa unga. Nikalaumu turubai. Kumbe kosa halikuwa lake peke yake. Gari likitembea, hewa nyuma ya kebini na ndani ya bodi inapungua shinikizo, kwa hiyo bodi inanyonya, na inanyonya kupitia penye nafasi kubwa kuliko pote: kingo za mlango wa nyuma. Angalia mlango wako ukiwa umefungwa. Pembeni kidole kinapita, chini kwenye bawaba mkono mzima karibu upite. Unaweza kufunga kifuniko cha chuma kinene kama sahani ya kivita na bado ukala vumbi kupitia huko. Raba ya kuziba mlango wa nyuma, ile ya kubandika yenyewe, ndiyo kitu kidogo kilicholeta tofauti kubwa kuliko vifuniko vyote vitatu. Uso usafishe kwa spiriti kwanza ukauke, la sivyo itabanduka wiki ya pili. Yangu ya mwanzo ilibanduka.

Kifuniko cha pili kilikuwa cha kujiviringa, wengine tunakiita shata: vibati vyembamba vya alumini vinavyoteleza kwenye reli mbili na kuingia kwenye sanduku karibu na kebini. Nisiwafiche, hakuna kinachopendeza mkononi kama hiki. Unavuta mkanda, kinakuja, kinajifunga tak. Unaweza kukiacha nusu. Majirani wanakuja kuangalia. Nilikuwa nakifungua na kukifunga bila sababu.

Tatizo la kwanza nililikuta siku ya kupakia. Lile sanduku limekula karibu sentimita 30 za mbele ya bodi, na kwenye bodi ya mita 1.5 hiyo ni nafasi ya friji. Friji yenyewe ikaingia nyuma yake lakini mfuniko wake haukuweza kufunguka, kwa sababu juu yake zilibaki sentimita tatu. Kwa hiyo kila mtu akitaka maji baridi, shata yote inafunguliwa. Wenye friji ya safari, pimeni kimo chake na mfuniko ukiwa wazi, si umefungwa.

Tatizo la pili ni mirija. Vifuniko vya aina hii havizuii maji yasipite. Vinayapokea kwenye reli na kuyashusha kwa mirija iliyo kwenye kona. Ni mpango mzuri mpaka gari lilale chini ya mti. Majani madogo yaliziba mirija ya mbele, mvua ikaja usiku, maji yakajaa sandukuni na kumwagika upande wa ndani. Hapo ndipo godoro la mtoto lilipolowa. Tangu siku hiyo nilikuwa napuliza ile mirija kwa mdomo kabla ya kila safari, kazi ambayo hakuna picha ya tangazo itakayokuonyesha.

La tatu lilikuwa kosa la binadamu. Shata ilianza kuwa nzito, nikampa fundi aiangalie, akapaka grisi kwenye reli. Iliteleza vizuri siku tatu. Kisha grisi ikashika mchanga, ikawa msasa. Tulifika kambini saa mbili usiku, nikavuta, ikafunguka kiasi cha sentimita 40 ikagoma, mbele haiendi, nyuma hairudi. Mahema, magodoro na taa vilikuwa ndani. Mwanangu, wakati huo ana miaka tisa, akaingia kwa tumbo na tochi mdomoni, akawa anatusukumia kitu kimoja kimoja. Yeye anasema ile ndiyo kambi bora tuliyowahi kwenda. Reli zile zinataka brashi kavu na silikoni ya kupuliza, kidogo tu. Grisi kamwe.

Niliiuza. Sasa nina kifuniko kigumu cha kukunja, mbao tatu za alumini (naziita mbao, ndani zina povu gumu) zilizounganishwa kwa bawaba za mpira. Unakunja ya nyuma juu ya ya kati, kisha zote mbili juu ya ya mbele, unazifunga kwa mikanda yake. Haina sanduku, kwa hiyo bodi nimerudishiwa yote. Nikitaka kubeba kitu kirefu, fremu nzima inatoka kwa kulegeza klampu, na watu wawili tunaiweka ukutani. Hakuna kutoboa bodi, jambo ambalo kwangu ni kubwa kwa sababu kila tundu ni mlango wa kutu.

Kuifunga kulinichukua asubuhi moja ingawa maelekezo yalidai chini ya saa. Kilichonichelewesha ni lile beseni la plastiki linalolinda sakafu ya bodi. Kama lako linapanda mpaka juu ya kingo, klampu hazipati chuma cha kushika, zinashika plastiki, na plastiki inateleza. Ilibidi nikate vipande vinne, sehemu ya kila klampu. Bodi zilizopuliziwa rangi nzito ya kinga hazina shida hii. Na ukishafunga, kaza tena baada ya barabara mbaya ya kwanza. Zangu mbili zilikuwa zimelegea kwa robo mzunguko.

Jioni ile ile nilifanya jaribio ambalo nalipendekeza kwa kila mtu, na halina gharama. Giza lilipoingia nikajilaza ndani ya bodi, mke wangu akafunga kila kitu, akazunguka gari na tochi taratibu akimulika kwenye kingo. Ndani kulikuwa giza totoro, halafu pale penye upenyo unaona uzi wa mwanga. Nilihesabu sehemu tano. Tatu zilikuwa za mlango wa nyuma, moja kwenye bawaba, moja kona ya mbele kushoto. Kila nilipoona mwanga nikaweka alama ya chaki. (Hakikisha aliye nje ni mtu mnayeelewana siku hiyo, maana vifuniko vingi havifunguki kwa ndani. Yangu ilichukua muda kidogo kufunguliwa, na nilisikia kicheko.) Kesho yake nikabandika raba, nikapiga maji ya bomba. Zilizobaki kuvuja ni kona moja tu.

Usalama ni bora, ila kwa sharti. Mbao hizi hazina kufuli yake. Zinajifunga kwa sababu mlango wa nyuma umefungwa juu ya kishikio chake. Pikapu ambayo mlango wake wa nyuma haufungwi kwa ufunguo, hii alumini yote ni pambo. Mimi niliongeza kufuli ya mlango kwanza, kifuniko baadaye.

Mambo matatu hayakunifurahisha. Mbao nyeusi zikipigwa na jua, ndani panakuwa tanuri, na friji inahema mchana kutwa; tukiegesha nakunja ya nyuma ili ipate hewa. Mtungi wa gesi sifungii humo tena. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja kwenye bodi iliyozibwa vizuri itatulia chini kwenye sakafu ikisubiri cheche ya friji, na mimi mwenyewe ndiye niliyeziba vizuri. Tatu, alfajiri chuma kinatoa jasho. Ukiacha taulo mbichi na nguo za mvua ndani usiku kucha, asubuhi upande wa chini wa mbao umejaa matone na gari likitikisika yanashuka.

Kuhusu kubeba juu yake: waliotengeneza wanataja zaidi ya kilo 100, lakini soma neno linalofuata, uzito *uliotawanywa sawasawa*. Mtu aliyekaa kitako hajatawanywa. Hema la juu, ambalo kwa kawaida lina kilo 50 hadi 80 kabla hamjapanda, halikai kwenye mbao hata siku moja; linakaa kwenye fito za kukatiza zinazoshikilia kingo za bodi zenyewe. Fito nazo zina namba mbili, ya gari likiwa limesimama na ya gari likitembea, na ya kutembea ndiyo ndogo. Wauzaji wanapenda kukutajia ile kubwa. Kabla ya kununua kifuniko, uliza kama kinaachia nafasi ya fito. Changu kinaachia kwa sababu kimelala chini kidogo ya kingo. Turubai la kwanza lisingeweza.

Kuhusu kupunguza mafuta, sitasema. Nimesikia ahadi hizo, lakini mimi nikienda kambini nimebeba nusu ya nyumba, sioni tofauti yoyote.

Ile kona ya mbele kushoto bado inavuja. Nimebandika raba mara mbili, nimepaka silikoni, inapitisha kama kikombe kimoja kwenye mvua ya usiku mzima. Nimeacha kugombana nayo. Pale sasa panakaa vigingi vya hema na nyundo.