TAHADHARI: Taima za friji zinazouzwa Mwanjelwa zimebandikwa stika ya uongo, ndani ni za volti 115

Mafundi wa Mbeya, Mbalizi, Uyole mpaka Tunduma, msinunue taima ya friji (ile saa ndogo inayopanga lini friji iyeyushe barafu) kwa yule jamaa wa soko la Mwanjelwa. Ni yule yule aliyelalamikiwa kwa kompresa alizouza Machi. Ndiyo, mlinionya nisinunue kwake. Nikaenda, nikapigwa, na aliyeumia zaidi ni mteja.

Nianze pale mezani kwake. Nilimpelekea taima iliyokufa: miguu minne, ya saa 8, 220-240V 50Hz. Akainama chini ya meza, akatoa moja ikiwa kwenye kimfuko cha nailoni kilichozibwa kwa moto. Stika nyeupe, maandishi yamenyooka, kila namba sawa na ya kwangu. Nikamwambia nataka kuipima. Akanipa bisibisi yake bapa na kusema, "Pima mwenyewe fundi, mimi sitaki maneno kesho."

Nikaweka mita kwenye kipimo cha mlio, nikagusa mguu namba 3 na 4. Ikalia, yaani njia ya kompresa ipo. Nikaingiza bisibisi kwenye kile kijitundu cha mbele, nikazungusha kulia taratibu. Tak! Namba 4 ikakata. Nikahamisha kwenye 3 na 2, ikalia, yaani njia ya hita ipo. Nikazungusha kidogo tena, tak nyingine, ikarudi kwenye 4. Taima nzima hufanya hivyo hivyo. Kisha yeye akachukua waya mbili, akashika 1 na 3, akachomeka kwenye soketi yake. Ikaunguruma, na kwenye kile kidirisha cha pembeni nikaona gurudumu dogo linazunguka. Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hata ishirini hakufika, akachomoa. "Umeona mwenyewe." Kutoka 35,000 tukafika 28,000. Risiti hakuna, eti mashine imeishiwa karatasi.

Mtaniuliza fundi mzima ulipigwaje. Swichi nilipima, ikapita. Mota niliiona inazunguka kwa macho yangu. Miguu ilikaa kwenye soketi ya friji bila kulazimisha. Kitu kimoja sikupima, na mita nilikuwa nayo mkononi: omu za mota, yaani ukinzani wake, kati ya 1 na 3. Hapo ndipo wizi wote ulipo, na inaniuma kwa sababu ni kipimo cha sekunde tano.

Kwa wenye mafriji ambao hamfahamu, taima ni saa ndogo yenye mota na meno ya plastiki yanayosukuma swichi. Kwenye friji lisilogandisha barafu, koili ya ubaridi imefichwa nyuma ya ukuta wa freeza, na feni inapuliza hewa kupitia hapo. Unyevunyevu wote unaoingia mlango ukifunguliwa unagandia kwenye ile koili. Kwa hiyo kila baada ya saa 6, 8, 10 au 12, kutegemea friji, taima inakata kompresa na kuwasha hita kwa dakika 20 hadi 30 hivi. Barafu inayeyuka, maji yanashuka kwa mfereji mpaka kwenye sinia la nyuma, juu ya kompresa, yanakauka. Koili ikishapata joto la nyuzi 10 na kitu juu ya sifuri, baimeto (swichi inayokata yenyewe ikipata joto) iliyobanwa pale juu inakata hita, hata kama taima haijamaliza dakika zake. Baada ya hapo taima inarudisha kompresa.

Taima ikikwama, inategemea imekwamia wapi. Ikifia upande wa kugandisha, kompresa itaendelea kufanya kazi, barafu itajaa kwenye koili siku baada ya siku, hewa itakosa pa kupita: freeza linagandisha kwa shida na chini kunakuwa na uvuguvugu. Ikifia upande wa kuyeyusha, taa ya ndani inawaka lakini friji ni kimya kabisa. Hita inapasha mpaka baimeto ikate, halafu hakuna kinachofanya kazi. Chakula kinaharibika kati ya jioni na asubuhi.

Hiyo ya pili ndiyo iliyompata mteja wangu, mama wa mtindi wa Uyole. Taima ilifungwa Ijumaa jioni. Nikaisukuma kwa bisibisi mpaka tak, hita ikala umeme, nikairudisha, kompresa ikapokea. Jumapili asubuhi friji kimya, maji yanatiririka mpaka mlangoni, lita 40 za maziwa ya Tukuyu zimechacha. Taima ilikuwa inanuka waya ulioungua, na plastiki ya upande wa mota imevimba. Nilipoipasha stika na kuibandua, chini yake kulikuwa na maandishi yaliyochongwa kwenye plastiki yenyewe: 115V 60Hz.

Hiyo ni taima ya friji la nchi za umeme mdogo kama Marekani, imetolewa kwenye chuma chakavu, ikaoshwa. Ukiipa mota ya volti 115 umeme wetu wa 230, nguvu inayogeuka joto ndani ya koili yake hupanda karibu mara nne. Sekunde ishirini inavumilia, ndiyo maana alihesabu kwa sauti. Saa kadhaa haivumilii. Na hata ukiilinda kwa kuipunguzia umeme, bado itachelewa: mota ya aina hii inafuata hezi (mapigo ya umeme kwa sekunde), siyo volti, kwa hiyo ya hezi 60 ikilishwa hezi 50 inakwenda kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake. Saa 8 zinakuwa saa 9 na dakika 36. Kwa msimu wa mvua wa hapa Mbeya, hewa ilivyo na maji, nafasi hiyo inatosha kuongeza barafu.

Huyu mtu aondolewe sokoni. Siongei habari ya kurudishiwa 28,000, nazungumzia maziwa ya mama wa watu na jina la fundi. Kubandika stika ya uongo juu ya kifaa cha umeme siyo ujanja wa biashara, ni kosa, na kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inayohusu mambo haya haya. TBS, Shirika la Viwango, wapo, Tume ya Ushindani wapo. Wenye vibanda jirani naye mnajua anakoziosha na anayemchapia stika, msikae kimya kwa sababu mnakunywa naye chai. Angekuwa kijana amekwapua simu mngeshampeleka polisi saa ile ile. Alipe maziwa, alipe taima zote alizouza, na lile boksi lake la chini ya meza lifunguliwe mbele ya watu.

Haya, dalili. Yaliyo kwangu ni haya tu. Miguu ilikuwa na mikwaruzo midogo, alama ya soketi iliyowahi kuchomekwa, kipya hakina. Kile kijitundu cha bisibisi kilikuwa kimelika pembeni. Plastiki karibu na mguu wa 2 ilikuwa na wekundu wa kuungua kidogo, nikadhani ni uchafu. Stika ilikuwa imewekwa juu ya sehemu iliyo na mwinuko wa maandishi. Ukipitisha ukucha unayasikia. Na alichomoa haraka. Kubwa kuliko yote ni omu: ya volti 230 ina omu elfu kadhaa, ya 115 ina kama robo ya hizo. Nenda na taima yako ya zamani kama mota yake haijakatika, pima zote mbili, linganisha. Kama ya zamani imekatika, mwambie muuzaji aiache kwenye umeme nusu saa nzima huku umeishika. Vuguvugu ni sawa. Ikikuchoma vidole, irudishe.

Alinitamkia pia kwamba "taima za miguu minne zote ni moja." Uongo mwingine. Zinafanana kwa sura, lakini kuna ambazo mota imeungwa kwenye mguu mwingine kabisa, siyo 1 na 3. Fuata mchoro uliobandikwa nyuma ya friji, au pima miguu yote kabla ya kuchomeka.

Na kabla ya kununua taima kwa mtu yeyote, hakikisheni ni taima kweli, maana taima nyingi zinazobadilishwa mjini hapa hazikuwa na kosa. Zima friji, acha milango wazi saa 24, chini weka matambara. Ukiliwasha likafanya kazi vizuri siku tano au wiki halafu likarudi kule kule, tatizo ni kuyeyusha. Fungua ukuta wa freeza. Barafu nyeupe imefunika koili yote sawasawa? Ni taima, hita, baimeto au fyuzi ya joto. Imegandia mistari miwili mitatu ya mwanzo tu na kwingine pakavu? Hiyo ni gesi, taima haihusiki. Barafu haipo ila maji yameganda sakafuni mwa freeza? Mfereji umeziba, mimina maji ya moto kiasi mpaka yatokee nyuma.

Kama koili imefunikwa, sukuma taima mpaka tak. Kompresa ikinyamaza na baada ya dakika chache ukasikia barafu inachuruza, hita ni nzima, na mtuhumiwa ni mota ya taima. Kompresa ikinyamaza lakini hita haipati moto, chomoa friji ukutani na upime hita: ya wati 150 iwe karibu omu 350, ya wati 200 karibu 265. Fyuzi ya joto isomeke sifuri; ikikatika haijirudishi, inabadilishwa. Baimeto msiihukumu ikiwa na joto la chumba, wengi wanaitupa bure: ikiwa na joto lazima ikate. Izamishe kwenye barafu iliyochanganywa na chumvi, ndani ya nailoni, dakika kumi, ndipo inatakiwa ishike.

Na taima nyingi zinahesabu saa za kompresa tu, siyo saa ya ukutani. Juni na Julai, kwa baridi yetu, kompresa inapumzika sana, hivyo saa 8 zinaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Umeme ukikatika nayo inasimama, ukirudi inaendelea pale pale. Msione haijageuka jioni mkasema imekufa.

Waliokwisha kununua kwake tangu Machi: chomoeni friji leo, toeni taima, pasheni stika kwa hewa ya moto au mvuke wa birika, muibandue. Mkikuta 115V msiirudishe kwenye friji hata kama bado inazunguka. Pigeni picha ya stika na ya maandishi ya chini pamoja, mniletee. Yangu ninayo kwenye kimfuko chake kile kile, na Jumatatu saa tatu asubuhi ninaipeleka kituoni pamoja na mama wa mtindi. Mwenye yake aje nayo.