Ext4: kasi nzuri, mradi ujue kinachoahidiwa

Nimeitumia ext4 kwa miaka kadhaa kwenye seva ndogo za ofisi, baadhi zikiwa hazina hata betri ya akiba, kwa hiyo kipimo changu cha mfumo huu wa faili wa Linux ni kile kinachobaki kwenye diski baada ya umeme kukatika ghafla. Kwa kasi peke yake sina lalamiko lolote.

Ext2, mtangulizi wake, haikuwa na daftari la mabadiliko (journal), yaani mahali pa kuandika mabadiliko kabla hayajatekelezwa, na kila mashine ilipozimika vibaya ilibidi diski nzima ikaguliwe kabla ya kazi kuendelea. Ext3 ilileta daftari hilo, na ext4, iliyotangazwa kuwa imara katika kerneli (kiini cha Linux) toleo la 2.6.28 la Desemba 2008, ikalirithi. Mtumiaji anaweza kuchagua data=journal, ambapo kila kitu huandikwa mara mbili na kasi hupungua, au data=writeback, ambapo muundo pekee (taarifa kama majina, ukubwa na mahali pa mafaili) ndio unaolindwa na faili linaweza kuibuka likiwa na mabaki ya data ya zamani. Usipochagua chochote unapewa data=ordered, ambayo huhakikisha kwamba data inafika diskini kabla ya daftari kuthibitisha mabadiliko ya muundo yanayoihusu. Kwa kazi nyingi naona huo ndio uamuzi wa busara.

Sehemu kubwa ya kasi ya ext4, hata hivyo, inatokana na kuchelewesha kugawa nafasi: data hukaa kwenye RAM, mara nyingi kwa nusu dakika hivi, ndipo mfumo uamue iwekwe wapi, na hivyo mafaili makubwa hupangwa kwa mfululizo. Mwaka 2009 watumiaji wa Linux ya Ubuntu 9.04, ambayo wakati huo ilikuwa bado kwenye majaribio, waligundua gharama yake walipokuta mafaili ya mipangilio yana baiti sifuri baada ya mashine kuganda. Programu zao ziliandika faili jipya na kulibadilisha jina ili lichukue nafasi ya lile la zamani, bila kuita fsync, agizo la kulazimisha data iandikwe diskini papo hapo. Jina jipya likawahi kuingia daftarini, data ikapotea pamoja na RAM. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alisisitiza kwamba kuita fsync ni wajibu wa programu, lakini akaongeza pia kinga ya hali hiyo iliyoingia katika kerneli 2.6.30. Kwa kanuni za POSIX, viwango vya mifumo ya aina ya Unix, alikuwa sahihi. Tukumbuke tu kwamba waandishi wa programu walikuwa wameikwepa fsync kwa sababu: kwenye ext3 iliweza kusukuma diskini hata data ya programu nyingine, kiasi cha kuifanya Firefox 3 igande mwaka 2008.

Kinga hiyo haifuniki kila kitu. Programu ya mauzo niliyokuwa nikiihudumia iliongeza mistari mwishoni mwa faili moja, na umeme ulipokatika faili lilifunguka bila kasoro yoyote, isipokuwa mauzo ya mwisho hayakuwemo. Ext4 ilikuwa imetimiza ahadi yake, kwani muundo ulikuwa salama. Aliyeiandika programu aliongeza fsync baada ya kila muamala. Kila muamala ukawa mzito kidogo, na hakuna mteja aliyelalamika.

Upungufu ninaouona mkubwa zaidi ni kwamba ext4 haina hesabu za uhakiki (checksum), zinazoonyesha kama kitu kimeharibika, kwa data yenyewe. Tangu kerneli 3.5 inaweza kuhakiki taarifa za muundo tu, ilhali mifumo mingine ya faili, ZFS na Btrfs, hutambua hata picha au hati iliyoharibika kimyakimya. Mifumo hiyo nayo huandika kila badiliko mahali papya, jambo ambalo kwa hifadhidata zinazobadilishwa hapa na pale hutawanya vipande vya faili, na hapo ext4 bado inanipendeza zaidi.

Kuna mafundi wanaoshauri kutumia nobarrier ili kupata kasi ya ziada, yaani kuacha kuilazimisha diski itoe kilichomo kwenye akiba yake ya muda. Kwenye mashine isiyo na kidhibiti cha diski chenye betri, mimi siigusi.