TAHADHARI: Themokapo ya "J" niliyouziwa Kariakoo imeniunguzia oda nzima

Jamani, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Msinunue themokapo (sensa ya kupima joto la oveni) wala sensa nyingine yoyote kwa yule kijana wa kichochoro cha vifaa vya umeme Kariakoo, mwenye meza ya kioo na feni ya ukutani.

Sensa ya oveni yangu ilikufa Jumatano. Kontrola yangu, kile kifaa kinachosoma sensa na kudhibiti joto la oveni, inataka themokapo ya aina ya J, imeandikwa ubavuni, nikaipiga picha nikaenda nayo. Kijana akaitazama, akaniambia, "Mama, J ni waya wa chuma na wa konstantani, siyo kila duka utaikuta." Hapo ndipo aliponipata. Mtu asiyeijua kazi atalitoa wapi neno konstantani, yaani mchanganyiko wa shaba na nikeli? Akaingia stoo, akakaa kama dakika kumi, akatoka na moja yenye ganda jeusi. "Nyeusi ndiyo J, mama yangu." Akaichomeka kwenye mita yake, akawasha kiberiti cha gesi chini ya ncha. Namba zikapanda mbele ya macho yangu: 31, 80, 140. "Unaiona inavyofanya kazi?" Nikaona. Nikamhesabia 65,000 zake na ahsante juu.

Themokapo yoyote ukiichoma namba zitapanda! Ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata joto unatoka umeme mdogo sana, wa milivolti, na kontrola inaugeuza kuwa nyuzi joto kwa jedwali la aina yake. Kile kiberiti hakikuthibitisha chochote, na yeye alilijua hilo.

Jumamosi ilikuwa skonzi 400 za harusi ya Mbagala. Nikaweka 220, kontrola ikafika 220 ikatulia. Dakika ya nane moshi. Nafungua mlango, juu nyeusi tii, ndani unga mbichi unanata kidoleni. Nikalaumu hamira. Nikamgombeza binti anayenisaidia mpaka akalia, na hilo linaniuma kuliko hela. Trei za pili yale yale. Mama wa bibi harusi nikampigia simu saa tano asubuhi sina hata neno la kumwambia.

Fundi alipokuja akalichana lile ganda jeusi kwa wembe. Kumbe limevalishwa juu! Chini yake waya wa njano na mwekundu, yaani aina nyingine, K, kwa rangi za Kimarekani. K siyo mbovu, ndiyo iliyojaa kwenye matanuru mengi na inavumilia hata nyuzi 1,200, wakati J inaishia kwenye 750 hivi. Ila kwa kontrola ya J ni balaa: umeme ambao J inautoa kwenye 220, K inautoa ikishafika karibu 290. Oveni yangu ilikuwa inachoma kwa 290 huku inaniambia 220.

Nimerudi dukani, ananionyesha kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi". Mtu amekaa stoo dakika kumi anavalisha waya ganda la uongo, halafu ananionyesha kibao! Huyu afungiwe duka. Tume ya Ushindani waingie kile kichochoro wafungue kila boksi, alipe skonzi zangu na amwombe radhi yule mama. Leo ni mikate, kesho atamuuzia mwenye boila.

Dalili zilikuwepo. Alikataa kunipa risiti ya mashine, eti bei itapanda. Ganda lilikuwa jipya na waya umechakaa. Fundi anasema mwende na sumaku: kwenye J inashika kwa nguvu waya wa chanya, ule wa chuma, kwenye K inashika ule wa hasi, tena kidogo. Na kwa rangi za Kimarekani waya mwekundu ndio hasi, msichanganye. Mwenye mita ya milivolti achovye ncha kwenye maji yanayochemka: kwa joto letu la Dar, J itatoa kama 3.7, K kama 2.9.

Kesho saa tatu narudi na fundi na sumaku yake. Kama na wewe umeuziwa pale, njoo inboksi leo hii twende pamoja.