Skrubu Mbili za Kiti cha Nne: Uzoefu Wangu wa Basi Wakati wa Korona

Naandika nikiwa na hasira, na ni afadhali niseme hivyo mapema ili anayesoma ajue maneno haya yanatoka wapi. Wiki iliyopita nilipanda basi la njia yangu ya kila siku, nikaketi kiti cha nne upande wa kushoto, nikanyoosha mkono kuvuta kioo cha dirisha, na kioo hakikusogea. Skrubu mbili zilizopigwa kwenye fremu ile wakati wa janga la UVIKO-19 bado ziko palepale, na vichwa vyake sasa vimeshika kutu. Nilidhani nimeshayasahau mambo yale, kumbe sikuwa nimesahau hata kidogo.

Mimi ni mfanya usafi hospitalini. Katika miezi ambayo watu waliambiwa wabaki majumbani, sisi tuliambiwa tuje, na zamu yetu ilianza saa moja asubuhi kama kawaida. Sikuwa na usafiri mwingine isipokuwa basi la kampuni hii. Kwa hiyo ninachokieleza hapa si malalamiko ya mtu aliyepanda mara moja akakasirika akashuka. Nilipanda alfajiri na jioni, wiki baada ya wiki, na niliona jinsi huduma ilivyobadilishwa kwa jina la usalama wetu.

Badiliko la kwanza lilikuwa ratiba. Tangazo lilibandikwa kituoni likisema kwamba safari zinapunguzwa ili kudhibiti maambukizi, na basi lililokuwa likipita kila baada ya robo saa likaanza kupita mara moja kwa saa. Nadhani waliokata safari zile walitazama mabasi ya mchana, wakayaona yanakwenda matupu, wakaamua kwamba abiria wamekwisha. Hawakuja kituoni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wangekuja wangetukuta sote: wauguzi, walinzi, wapishi, wauzaji wa maduka ya dawa, na sisi wa ndoo na matambara, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuifanya kazi yake akiwa nyumbani. Watu waliokuwa wakigawana mabasi manne wakapewa basi moja, na juu ya mlango wa basi hilo ikabandikwa stika inayotutaka tukae mbalimbali.

Ndani, kila kiti cha pili kilikuwa kimewekwa alama ya msalaba kwa utepe wa njano. Vituo viwili vya mwanzo alama zile ziliheshimiwa. Kuanzia kituo cha tatu watu walianza kumsihi kondakta, kwa sababu aliyeachwa alikuwa anasubiri saa nzima nyingine na aliyechelewa kazini alikuwa anakatwa mshahara, na kondakta akawa anawaruhusu mmoja mmoja mpaka basi likajaa pomoni. Siwalaumu abiria wale hata kidogo. Namkumbuka mama mmoja ambaye kabla ya kukaa aliulainisha utepe kwa kiganja, taratibu, kana kwamba anauomba radhi, kisha akaketi na kuukumbatia mkoba wake bila kumtazama mtu.

Haki itendeke: kampuni ilisafisha. Mwisho wa kila safari vijana wawili waliingia na mabomba mgongoni wakapulizia dawa viti na vyuma vya kushikilia, na mlangoni kulikuwa na kitakasa mikono ambacho, kwa kweli, hakikuwahi kukauka. Nililipenda hilo na nililisema waziwazi kwa wenzangu. Tena siwezi kuwahukumu kwa wasichokijua katika wiki zile za kwanza, maana mnamo Machi 2020 hata Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisisitiza mikono na matone ya kikohozi, likikanusha kwamba virusi vile vinasambaa kwa hewa. Ilikuwa Julai mwaka uleule ndipo wanasayansi 239 walipoandika barua ya wazi wakitaka usambaaji wa kupitia hewa uchukuliwe kwa uzito. Lakini hewa safi si elimu iliyozaliwa na korona. Wodi za wagonjwa wa kifua kikuu zimekuwa zikifunguliwa madirisha tangu mimi sijaanza kazi, na muuguzi mkuu wetu alikuwa na agizo moja alilolirudia kila asubuhi: "Kwanza madirisha, kisha maji." Unaingia wodini, unafungua madirisha yote, ndipo unapogusa ndoo.

Nililichukua agizo lile nikapanda nalo basini, na hapo ndipo tukio lenyewe lilipotokea. Sikumbuki kama ilikuwa Jumanne au Jumatano. Nakumbuka kwamba kulikuwa na manyunyu na vioo vilikuwa vimefunga ukungu wa pumzi zetu kiasi cha kushindwa kuona tumefika wapi. Nyuma yangu kijana mmoja aliyeishusha barakoa yake kidevuni alikuwa akikohoa, si kikohozi cha kusafisha koo bali kile cha kutoka chini kabisa, kinachomkunja mtu. Nilivuta kioo, kikagoma. Nikavuta kwa mikono miwili. Ndipo nilipoziona skrubu, mpya, zinang'aa juu ya fremu iliyochakaa, moja kila upande.

Nilimwita kondakta na kumwuliza kwa upole kwa nini dirisha limepigwa skrubu. Kondakta yule angeweza kuwa mwanangu wa tatu. Hakuniita mama, hata dada hakuniita. Alisema, na basi zima likasikia: "Wewe, kiyoyozi kinafanya kazi. Kama unataka upepo, shuka utembee."

Nimefanya kazi ya kudeki sakafu za watu kwa miaka mingi na nimezoea kupitwa bila salamu, lakini neno lile "wewe", kutoka kwa mtoto kwenda kwa mtu mzima anayeuliza jambo la uhai wa watu, lilinichoma kuliko nilivyotarajia. Nilijibu kwamba simwombi upepo wa starehe, ninamwomba hewa, kwa sababu kuna mtu anakohoa na sisi wote tunavuta pumzi yake. Akacheka na kugeuka. Abiria wawili waliinamisha vichwa. Kijana aliyekuwa akikohoa akapandisha barakoa, na nadhani yeye ndiye peke yake aliyenielewa.

Siku chache baadaye niliugua. Sitaapa kwamba niliupatia ugonjwa ndani ya basi lile. Ninafanya kazi hospitalini, na mtu mkweli hawezi kuonyesha kwa kidole mahali virusi vilipomwingia. Ninachoweza kusema ni kwamba wodini nilikuwa na barakoa, glovu na madirisha yaliyo wazi, na basini nilikuwa na barakoa na skrubu mbili.

Nikiwa bado nyumbani, dhaifu na mwenye muda mwingi kupita kiasi, nilisoma habari za mabasi ya Ningbo, mji wa China katika jimbo la Zhejiang. Mnamo Januari 2020 waumini walikwenda ibadani kwa mabasi mawili. Katika basi moja walikuwemo watu 68, mmoja wao akiwa tayari ana virusi bila mtu yeyote kujua, na safari ilichukua karibu dakika 50 kwenda na dakika 50 kurudi, huku kiyoyozi kikizungusha hewa ileile ya ndani. Watu 23 wengine waliambukizwa, na baadhi yao walikuwa wameketi mbali kabisa na mgonjwa. Katika basi la pili, lenye watu 60, hakuambukizwa hata mmoja. Niliisoma habari hiyo mara tatu, nikamkumbuka kondakta na jibu lake la kiyoyozi, nikalia. Kiyoyozi kinachozungusha hewa ya ndani hakimletei mtu hewa mpya. Kinamletea pumzi za wenzake zikiwa zimepozwa.

Hapa nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba mtu yeyote asiipande kampuni hii, nikaishia hapo. Lakini kuna dereva mmoja wa zamu ya jioni ambaye sitamtendea haki nikinyamaza. Yeye, kila alipofika mwisho wa njia, alifungua milango yote miwili, akasimama juu ya kiti cha mbele na kusukuma kifuniko cha paani kwa kiwiko mpaka kikainuka, akaliacha basi wazi kwa dakika kadhaa kabla ya kupakia. Njiani aliendesha na kifuniko kile kikiwa wazi, na manyunyu yakituangukia mabegani. Nilipomshukuru aliniambia, "Mama, na mimi nina wazee nyumbani." Mtu yuleyule alikuwa akituzuia kupandia mlango wa mbele na alikuwa ametundika pazia la nailoni nyuma ya kiti chake, na wapo abiria waliomtukana kwa hilo, wakidai kwamba anawaona wachafu. Mimi namuunga mkono kabisa. London ilikuwa imeshapoteza madereva kadhaa wa mabasi ilipoamua, Aprili 2020, kwamba abiria wapandie mlango wa kati, na hata malipo yakaachwa kwa muda ili mtu asimkaribie dereva. Dereva habadilishi kiti. Abiria anakaa dakika arobaini akashuka. Yeye anakaa na pumzi za kila aliyepanda tangu alfajiri.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kumpima dereva yule, nampa alama zote. Na ikiwa nitasema ukweli wote, basi hilihili ninalolilaumu ndilo lililonifikisha kazini kila siku niliyokuwa mzima, wakati magari mengine yalipokwisha barabarani. Bila hilo wodi zetu zisingedekiwa. Nilipofika sentensi hii hasira ilikuwa imepoa, nikakaribia kufuta nilichoandika juu.

Halafu nikakumbuka jibu la ofisi. Nilipopona nilikwenda mwenyewe, nikiwa na barua iliyoandikwa vizuri na binti yangu, yenye maombi mawili tu: safari za alfajiri zirudishwe, hata kama za mchana zitaendelea kupunguzwa, na skrubu zitolewe. Ofisa aliyenipokea aliisoma akiwa amesimama. Alinieleza kwamba madirisha yalifungwa kwa sababu abiria walikuwa wakiyafungua na kukifanya kiyoyozi kifanye kazi bure, na kwamba ratiba imepangwa kwa kuzingatia usalama. Hakusema usalama wa nani. Aliiweka barua juu ya rundo la barua nyingine na kunitakia siku njema.

Safari za alfajiri zilirudi baadaye sana, pole pole, bila tangazo lolote. Utepe wa njano ulibanduliwa, gundi yake ikabaki kwenye viti na kunasa nguo zetu kwa miezi. Mnamo Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura imekwisha, na kila mtu akapumua. Wiki iliyopita, baada ya kushindwa kukivuta kioo kile, niliyahesabu madirisha ya basi zima kabla sijashuka. Yako kumi na mawili. Matano yanafunguka, saba yamepigwa skrubu. Watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni, vioo vimefunga ukungu, na mtoto mmoja aliyepakatwa na mama yake alikuwa na mafua.

Nimebadilisha uamuzi wangu mara mbili katika maandishi haya na sasa naubadilisha mara ya tatu: madereva wenu nawaheshimu, lakini huduma yenu siipendekezi kwa mtu yeyote, hasa mwenye kifua kibovu, mpaka fundi mmoja apewe bisibisi na asubuhi moja ya kazi. Skrubu ni kumi na nne. Aanzie kiti cha nne, upande wa kushoto.