Wasaidizi wa kisheria Rungwe: msaada kwa kijiji kinachopinga mradi

Kijiji kikitaka kuzuia mradi unaotishia msitu au chanzo cha maji, huduma hii inafaa sana, na ni bure. Huanza kwa kupima: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kisha hudai muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Hapo ndipo wengi hukwama, maana karatasi ya mahudhurio iliyosainiwa bila kichwa hugeuzwa kuwa ridhaa. Andikeni tarehe na ajenda juu kabla ya saini ya kwanza!

Upande wa wanyamapori ni dhaifu. Kipunji, nyani adimu wa Mlima Rungwe aliyejulikana kwa wanasayansi 2003, hatajwi kwenye pingamizi zao. Waambieni wamtaje, na picha za msitu ziambatishwe.