Gundam ya Entry Grade: niliiunganisha kwa vidole vitupu

Sanduku la modeli ya Gundam, roboti wa katuni ya Kijapani, lilifika limebonyea upande mmoja. Muuzaji wa mtandaoni alilitia kwenye mfuko wa nailoni tu, bila hata gazeti la kulikinga, na nilipolipokea moyo ulinienda mbio. Namshukuru Mungu, vipande vyote vilikuwa salama: fremu chache za plastiki, nyeupe, nyekundu, buluu na njano, pamoja na karatasi ya maelekezo. Kijapani sikijui, ila michoro inajieleza. Kila kipande kina namba yake, na namba hiyohiyo imechongwa kwenye fremu.

Hii ni RX-78-2 Gundam ya daraja la Entry Grade, yaani la wanaoanza, iliyotolewa na Bandai, kampuni ya Kijapani ya vinyago, mwaka 2020 kwa kipimo cha 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko ile ya kwenye hadithi. Modeli nilizozoea zinadai koleo ndogo, msasa, wakati mwingine hata gundi. Hii haidai chochote. Unakizungusha kipande kidogo kwa vidole, kinachomoka kwenye fremu, unakibana na mwenzake, kinalia "ta!" na kushika. Hakuna stika wala rangi ya kupaka, maana rangi imo ndani ya plastiki yenyewe. Nilianza baada ya isha, na kabla sijaenda kulala ilikuwa imesimama mezani, bunduki mkono mmoja na ngao mkono wa pili.

Raha yenyewe iko kwenye maungio. Ukiliunganisha goti kwa mkono wako unaona jinsi paja, kifuniko cha goti na muundi vinavyopishana bila kugongana, na hapo ndipo nilipoielewa katuni yenyewe ya Gundam. Mazinger Z, hadithi ya roboti ya mchoraji Go Nagai, ilikwishamweka kijana kichwani mwa roboti mwaka 1972, lakini roboti yule alikuwa shujaa wa peke yake. Gundam ya mwongozaji Yoshiyuki Tomino, iliyoanza kurushwa Aprili 1979, ilizifanya roboti hizi kuwa zana za vita: zinaundwa kiwandani, zinaharibika, zinahitaji mafundi. Amuro Ray, kijana anayeiendesha Gundam, ana miaka 15 anapoingia ndani mara ya kwanza, na anaiendesha huku akisoma kitabu cha maelekezo. Nilimkumbuka sana nikiwa nimeinamia ile karatasi yangu.

Halafu nikapiga hesabu. Kwenye hadithi Gundam ina urefu wa mita 18, kwa hiyo hii ya mezani ni sentimita 12 na nusu. Binadamu kwa kipimo hicho hazidi sana sentimita moja. Nikakata njiti ya kiberiti kwa urefu huo, nikaisimamisha kando ya mguu wa roboti. Haifiki hata gotini. Nimeitazama Gundam miaka mingi, ila ukubwa wake niliuona usiku ule, na ile njiti sijaitoa mpaka leo.

Modeli ya kwanza kabisa ya Gundam iliuzwa yen 300 mwezi Julai 1980. Hii nayo, huko Japani, haifiki yen 1,000, na kwa mtoto au mtu mzima anayeanza sioni ya kuishinda. Ila kabla hujalipa, muulize muuzaji kama sanduku ni lenye bunduki na ngao, kwa sababu lipo toleo la bei ya chini zaidi lisilo na silaha hizo. Na mwambie alifungashe vizuri.