Amplifaya ya "2 × 50W" niliyonunua Moshi: wati zilikuwa kwenye chaja

Nina cherehani nne kwenye kibanda changu karibu na soko la Mbuyuni, na zikikimbia zote kwa pamoja redio haisikiki. Ndiyo maana mwezi wa pili nilitoa Sh 65,000 nikanunua amplifaya ndogo nyeusi, ile inayoenea kiganjani. Boksi lake limeandikwa kwa maandishi makubwa: 2 × 50W. Muuzaji akanihakikishia, "Mangi, hizi ni wati mia, mtaa mzima utakusikia."

Wiki ya kwanza nilijuta. Kwa sauti ya chini ilikuwa safi, safi kuliko redio yangu. Lakini nikipandisha ili ishinde cherehani, nyimbo za dansi za zamani zinaharibika: matarumbeta yakiingia tu yanapasuka, kama mtu anachana kitambaa cha teteroni karibu na sikio lako. Besi inagonga kavu, haijai.

Nikampelekea mzee mmoja fundi redio. Wala hakuifungua. Aligeuza adapta iliyokuja nayo, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo: 12V, 2A.

"Zidisha, mwanangu."

Volti 12 mara ampea 2: ishirini na nne. Zinaingia wati 24, mia zitatoka wapi?

Usiku nikatafuta maelezo ya kiwanda ya chipu iliyomo ndani, TPA3116 ya Texas Instruments. Wati 50 kila upande zipo kweli, ila kwa volti 21, spika za omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), na upotoshaji wa sauti wa asilimia 10. Asilimia 10 ni sauti iliyokwisha kupasuka, hakuna anayefurahia muziki hapo. Mimi nina volti 12 na spika za omu 8. Volti mara volti, gawa kwa omu mara mbili: 144 kwa 16, yaani wati 9 tu kila upande kabla vichwa vya mawimbi ya sauti havijaanza kukatwa, na kukatwa huko ndiko kupasuka. Nikayaelewa matarumbeta yangu.

Mpwa wangu alikuwa na chaja nzima iliyobaki baada ya laptop yake kufa, 19V, 3.42A. Chipu inaruhusu mpaka volti 26, kwa hiyo ipo salama. Nikabadilisha plagi, nikahakikisha chanya iko katikati, nikawasha. Hesabu ileile sasa inatoa wati 22. Kwa sikio si makelele mengi zaidi: ni ongezeko la desibeli 4 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ili sauti isikike mara mbili zinatakiwa kama 10. Kilichobadilika ni nafasi ya sauti kupanda kabla haijakatwa. Matarumbeta yanapanda mpaka juu bila kuchanika, na gitaa la pili, lililokuwa linamezwa na besi, nalisikia huku fundi wangu anadarizi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema namba hazina maana, sikiliza tu. Namba zingeniambia yote haya kabla sijatoa hela, kama boksi lingetaja volti, omu na upotoshaji pamoja. Wati peke yake ni sawa na kuuziwa kitambaa kwa urefu bila kuambiwa upana.

Yapo ambayo boksi halikugusa kabisa. Usiku, cherehani zikizimwa, spika zinatoa "shhh" jembamba hata sauti ikiwa sifuri. Na kitufe cha kuzungushia sauti, kwenye robo ya mwanzo, upande wa kushoto uko chini kuliko wa kulia. Vipimo vya hayo vipo, ila hakuna aliyeviandika, kwa hiyo nenda dukani na simu yenye wimbo unaoujua, usikilize kwa sauti ya chini sana, kisha ya juu.

Kwa harusi haifai. Kwa kibanda, kinyozi au sebule, ningeinunua tena, na adapta yake ningemwachia muuzaji palepale. Ina mwezi wa tano sasa kwenye volti 19, ukiishika jioni ni vuguvugu tu.